Matanga ya Miche ya Luhongo

Kila asubuhi Scholastika alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akabeba ndoo kwenda kijito cha Luhongo. Njiani alikuwa na kazi nyingine ambayo hakutumwa na mtu, nayo ni kudharau. Aliyepita na baiskeli isiyo na breki alimwona mzembe. Aliyepanda nyanya kwa mstari uliopinda alimwona kipofu. Wanawake waliofika kijitoni mapema wakaanza kupiga soga aliwaona hawana akili ya kuchota maji na kurudi makwao. Alikuwa darasa la sita, wa kwanza katika somo la Kiswahili, na mwenyekiti wa Klabu ya Mazingira ya shule yao iliyo juu kidogo ya Mlali. Mama yake alizoea kumwambia, "Mwanangu, mdomo huo utakuponza." Yeye alijibu kimoyomoyo kwamba mdomo huo ndio uliompa uenyekiti.

Tuseme ukweli, kijito chenyewe kilimpa sababu za kudharau watu. Wazee walisema zamani Luhongo ilikuwa na kina cha kumfika mtoto kifuani, na ukiinua jiwe lolote ulikuta kaa amejikunyata chini yake. Sasa masika ilipita na tope jekundu, na kiangazi ilibaki mfereji mwembamba usiotosha hata kuzamisha ndoo, mpaka uchote kwa kata. Watu walikuwa wamelima mpaka kingoni. Sheria ya kutolima ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji kila mtu kijijini aliijua kwa moyo, na kila mtu aliipima kuanzia shamba la jirani.

Mwaka ule, masika ilipoanza, shule ililetewa miche ya mikuyu na mizambarau ipandwe kwenye chemchemi ya Luhongo. Mwalimu Wilfred, mlezi wa klabu, alizunguka kwa wakulima wa bondeni kuomba nafasi. Mmoja alisema atafikiria, na huko kufikiria hakukuwa na mwisho. Mwingine alisema shamba si lake, ni la ukoo, kana kwamba kuna shamba pale milimani ambalo si la ukoo. Aliyekubali alikuwa mmoja tu, Bi Chausiku.

Bi Chausiku alikuwa na kipande kilichogusa chemchemi yenyewe, alichorithi kwa mama yake, naye mama alikirithi kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Alipanda magimbi pale. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na kama kuna mtu kijijini aliyemzidi Scholastika kwa dharau, alikuwa yeye. Tena alikuwa na ruhusa. Ukoo wake na ukoo wa mama yake Scholastika walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukucheka mbele za watu, akakunyang'anya kofia, na mkifiwa akaja msibani kwenu kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukoroma, mpaka waliao wacheke. Wewe huna ruhusa ya kununa.

Siku ya kupanda, Bi Chausiku aling'oa magimbi yake mwenyewe, akayarundika pembeni. Kisha akamkabili mwenyekiti wa klabu.

"Shikamoo Bibi," alisema Scholastika.

"Marahaba. Sikiliza, mtani. Kipande hiki ndicho kinachonilisha kiangazi, huko juu kunapokauka. Nawapeni kwa neno moja tu. Miche hii isife kwa kiu. Ikifa, narudi na jembe langu."

"Haitakufa, Bibi. Sisi si kama watu wa zamani."

"Hata watu wa zamani walisema hivyohivyo," alijibu Bi Chausiku, akajitwika magimbi yake na kuondoka.

Masika ikapita. Miche ikashika, ikatoa majani mapya, na klabu ikajipongeza sana. Halafu kikaja kiangazi, ambacho hakipongezi mtu. Scholastika alipanga zamu za kumwagilia, akajiandika yeye mwenyewe kuwa msimamizi, maana msimamizi habebi ndoo. Kazi yake kubwa ilikuwa risala. Kulikuwa na habari kwamba mgeni rasmi angekuja kutoka mjini kukagua vyanzo vya maji na kuitunuku ngao klabu bora, na Scholastika aliamua kumsomea historia ya majaribio yote ya kukifufua kijito cha Luhongo.

Historia hiyo aliikusanya kwa bidii, hilo asinyimwe. Aliwahoji wazee, akajua kwamba enzi za mkoloni watu waliamriwa kuchonga milima iwe ngazi ngazi ili udongo usiteremkie mtoni. Aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, mahindi yakadumaa, watu wakakasirika mpaka ikawa vurugu, na ngazi zenyewe zikaachwa zibomoke. Miaka mingi baadaye ukaja mradi na magari yake meupe. Mradi ulisema miti ndiyo itakayorudisha maji, ukagawa mikaratusi kwa sababu inakua haraka. Mikaratusi ikapandwa kwenye chemchemi, ikakua haraka kweli, ikanywa maji kwa haraka hiyohiyo. Baada ya mradi zikaja sherehe za kupanda miti, kila mwaka mashimo yaleyale, miche mipya, picha mpya, na mwaka unaofuata hakuna mti hata mmoja. Scholastika aliandika yote hayo, na kila aya aliimalizia kwa kuwacheka wahusika.

"Leo zamu ya nani kumwagilia?" rafiki yake Lucy alimwuliza jioni moja wakifanya mazoezi ya risala darasani.

"Ya akina Jastin."

"Jastin anasema ni yetu."

"Basi kesho. Lucy, wabeba ndoo wapo wengi. Mwenye kuandika historia ni mmoja."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Wale wengine walipoona msimamizi hafiki bondeni, nao wakaacha, na kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumlaumu. Miche ilinyauka, ikawa rangi ya tumbaku, ikakauka kabisa. Ilikufa kwa kiu mahali ambapo ungeweza kusimama, ukanyoosha mkono, ukagusa maji. Hata mkoloni na mradi hawakuwahi kufanya jambo la aibu namna hiyo.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, Mwalimu Wilfred alishuka bondeni na Scholastika. Alitazama vijiti vikavu vilivyosimama kwenye mistari. Alikuwa mtu mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri na moyo uliokunjamana.

"Mgeni asione hivi," alisema. "Sijui mtafanyaje, lakini asione hivi."

Halafu akaenda zake kutafuta soda za mgeni. Wapo watu wazima wenye ufundi wa kuagiza uovu bila kuutaja, ili ukigundulika wabaki wasafi.

Scholastika hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alfajiri iliyofuata aliwapeleka Lucy na Jastin kwenye mzambarau mkubwa wa nyuma ya kanisa, wakakata matawi mabichi. Waling'oa vijiti vikavu, wakachomeka matawi mahali pake, wakapigapiga udongo, wakamwaga maji juu yake. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, miche ya Luhongo ilimwagiliwa, nayo haikuwa na mizizi.

"Huu si uongo?" Lucy aliuliza.

"Ni mapambo," alijibu Scholastika. "Hata harusini watu hupamba kwa matawi. Ulishasikia bwana harusi ameitwa mwongo?"

Na kweli, jua lilipochomoza bonde lilipendeza. Mistari ya kijani ilinyooka kutoka chemchemini mpaka njiani. Mambo yangekwenda vizuri kama mgeni angefika saa tatu asubuhi kama alivyoahidi. Lakini tangu lini mgeni rasmi akafika saa aliyoahidi? Ilifika saa tano, wanafunzi wakaimba nyimbo zote wanazozijua. Ikafika saa saba, wakaziimba tena. Jua la kiangazi lilikuwa utosini, na matawi ya mzambarau yakaanza kulegea jani moja moja. Saa nane gari likaonekana, na dereva akaeleza kwamba walisimama Mzumbe kupata chakula.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya nguo na miwani myeusi. Aliitazama mistari ya matawi yaliyoinamisha vichwa, akasema kwa furaha kwamba anaona kijani. Kisha akapewa mche mmoja halisi wa mkuyu, uliobaki shuleni, aupande kwa mikono yake. Aliushika, akageukia kamera, akatabasamu, akautumbukiza shimoni ukiwa bado ndani ya kiriba chake cha plastiki, akaufukia. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyesema kitu kuhusu kiriba, maana mgeni rasmi hakosei.

Ndipo Scholastika akaitwa kusoma risala. Alisoma vizuri, sauti imenyooka, mkono unajua pa kuinuka. Alipofika kwenye mikaratusi, alisimama kidogo kama alivyofanya mazoezini.

"Bibi zetu," alisema, "walipanda kwa vigelegele mti unaokunywa maji, wakaupanda penye chanzo cha maji. Mtu mwenye kiu akimwalika mlevi nyumbani kwake alinde mtungi wa pombe, tumwiteje? Lakini sisi, kizazi kipya, hatuna ujinga huo. Tazameni wenyewe."

Akanyoosha mkono kuelekea bondeni. Watu walicheka, na wote wakageuka kutazama. Miongoni mwa waliogeuka alikuwa Bi Chausiku. Alijikongoja kutoka kwenye mkeka wa wanawake, akaenda hadi mstari wa kwanza, akainama, akashika mche mmoja kwa vidole viwili. Ukatoka bila ubishi. Chini yake kulikuwa na ncha iliyokatwa kwa panga, nyeupe na safi.

Bi Chausiku aliinua ncha ile juu kila mtu aione. Kisha alijifunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaachia ukelele wa msiba uliorudi kutoka mlimani.

"Jamani, tumefiwa," alilia. "Marehemu kazaliwa alfajiri, kafa mchana. Jirani wa maji, kafa kwa kiu. Mtani wangu, umenizikia mtoto asiye na miguu."

Wanawake wakaelewa mara moja. Mmoja alichuma jani la mgomba, Bi Chausiku akalilaza tawi juu yake, akalifunika kwa upande wa kanga. Mwingine alikwenda kung'oa tawi la pili, na la tatu, na kila moja lilipotoka bila mizizi kilio kilipanda. Bi Chausiku alimwigiza marehemu alivyokuwa hai: akasimama wima kama mche, akaangalia maji karibu na mguu wake, akatoa ulimi nje, akaomba kwa sauti nyembamba, "Mwenyekiti, kata moja tu." Halafu akamwigiza mwenyekiti. Akainua mkono wake vilevile ulivyoinuka kwenye risala, akasema, "Ngoja nimalize historia yako kwanza." Kisha akaanguka, akafa. Bonde zima lilicheka mpaka watu wakashikana.

Scholastika alisimama na karatasi yake mkononi. Alitamani kulia, lakini huo ulikuwa utani, na kwa mtani hununi. Alimtafuta Mwalimu Wilfred kwa macho, akamwona akichunguza viatu vyake.

Mgeni rasmi peke yake ndiye hakuelewa kitu. Alipiga makofi kwa nguvu, akainuka.

"Hii ndiyo sanaa yetu ya asili," alisema. "Igizo limebeba ujumbe mzito sana. Nimefurahi mno." Akamkabidhi Scholastika ngao ya klabu bora, akapiga naye picha, akakumbuka ana kikao, akapanda gari. Vumbi lilimsindikiza hadi kona ya mwisho.

Usiku ule mama yake hakumgombeza. Alimpakulia ugali na mchicha, akamwuliza jambo moja tu, "Chausiku atakula nini mwezi huu?" Ngao ilikuwa juu ya meza, ikimtazama.

Asubuhi alibeba ndoo kama kawaida, ila safari hii hakuona mstari uliopinda wala baiskeli isiyo na breki. Kabla hajafika kijitoni alisikia jembe. Bi Chausiku alikuwa amekwisha lima robo ya kipande chake, kuanzia ukingoni kabisa, na kila aliponyanyua jembe udongo mwingine uliporomokea majini, maji yakawa mekundu. Ng'ambo, mwenye shamba jirani alikuwa ameshika jembe lake naye, anatazama. Ndiye yule aliyesema atafikiria, na sasa alikuwa amemaliza kufikiria.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, jana ulinitania vizuri," alisema Scholastika, akijaribu kucheka.

Bi Chausiku hakucheka. "Jana nilikuwa mtani. Leo ni mwenye shamba. Sogea nisikukate mguu."

"Ukilima mpaka hapa kijito kitakufa."

"Kumbe unajua." Aliegemea mpini wa jembe. "Magimbi yangu yangekuwa tayari mwezi huu. Niliyang'oa nikala ahadi yako, na ahadi haishibishi. Tena uliniambia ninyi si kama watu wa zamani. Unajua nani alipanda mkaratusi wa kwanza pale juu ya chemchemi?"

Scholastika alitikisa kichwa, ingawa alikuwa ameanza kujua.

"Mimi. Nilikuwa mwari mwenye nguvu, nikapiga vigelegele kweli, kama ulivyosoma. Tulidanganyika. Lakini tuliumwagilia, mtani. Tulibeba maji kiangazi chote, tukaufukuzia mbuzi, ndiyo maana ukakua ukatunywea mto. Sisi tulikosea mti. Kazi hatukuikosea. Sasa niambie wewe ulikosea nini."

Scholastika alitafuta neno, yule wa kwanza katika Kiswahili, akalikosa. Alitazama chini. Karibu na jembe la Bi Chausiku ulisimama mkuyu wa mgeni rasmi, majani yamelegea, kiriba kimechungulia nje ya udongo. Bi Chausiku naye aliuona.

"Na huu je? Nao ni pambo?"

"Huu una mizizi," alisema Scholastika. Alipiga magoti, akaufukua kwa vidole, akachana kiriba, akaupanda upya na kuushindilia. Kisha akashuka majini, akachota kata baada ya kata, akaumwagilia mpaka udongo ukakataa kunywa. Bi Chausiku alimwangalia. Aliporudi kulima aliuzunguka ule mche, akaacha nafasi ya duara pembeni yake.

"Bibi, nikisema ukweli kwenye mkutano wa kijiji, utasimamisha jembe?"

"Sema kwanza. Mimi sinunui tena maneno kabla hayajaiva."

Mkutano ulikuwa Jumamosi, uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji alianza kwa kuisifu ngao, na akataka iwekwe ofisini kwake. Scholastika aliinuka, akaomba kusema.

"Ngao hii si yetu," alisema. "Miche ilikufa kwa sababu hatukuimwagilia. Mimi nilikuwa msimamizi na sikufika bondeni. Matawi niliyakata mimi, na wenzangu niliwaongoza mimi. Bibi Chausiku alitoa shamba lake kwa ahadi yangu, na mimi nikasimama nikamcheka mbele yake. Naomba anisamehe."

Aliyetegemea kucheka alikosa pa kuanzia, maana mtu akishajivua nguo mwenyewe huna tena cha kumvua. Mwalimu Wilfred alikohoa. Ikaonekana kama atainamia viatu vyake tena, lakini akasimama.

"Mimi niliviona vile vijiti vikavu," alisema. "Nilimwambia mtoto mgeni asione, nikageuka nisione mimi. Ngao nitairudisha mwenyewe."

Na aliirudisha. Kule mjini walimpokea vizuri, wakaitia kabatini, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Pengine walikuwa na kikao.

Kijijini mambo hayakuwa mepesi namna hiyo. Bi Chausiku hakutoa tena kipande chote. Nusu ya juu alipanda magimbi yake, nusu ya kingoni akaiacha wazi, akasema ataangalia. Mwenye shamba jirani aliposikia hivyo aliweka jembe chini, naye akasema ataangalia. Mkutano ukakubaliana mikaratusi ya chemchemini ikatwe. Siku ya kukata, Bi Chausiku alidai shoka la kwanza apewe yeye, kwa kuwa mti wa kwanza ulikuwa wake. Alipiga mapigo machache, akachoka, akawaachia vijana, akakaa pembeni kuwasimanga kwamba hawajui kushika shoka.

Masika iliyofuata klabu ilipanda upya. Kiangazi kiliporudi, Scholastika alikuwa bondeni kila siku, asubuhi kabla ya shule na jioni baada yake. Hakuwa msimamizi tena. Msimamizi alikuwa Lucy, na Lucy alibeba ndoo. Mabega yalimuuma Scholastika, viganja vikaota sugu, na Bi Chausiku akipita na magimbi yake hakumhurumia hata kidogo.

"Hodi, mchimba makaburi," alisema. "Leo tunazika nani?"

"Leo hatuziki, Bibi. Labda tukuzike wewe."

"Jaribu. Nitafufuka nije kukagua zamu."

Baadhi ya miche ilikufa hata hivyo. Mmoja uliliwa na mbuzi, mingine ilitafunwa na mchwa, na klabu ilipanda mingine mahali pake bila kuficha. Iliyobaki ilishika. Mkuyu wa mgeni rasmi, uliokaribia kufia kwenye mfuko wake, ulikuwa umempita Scholastika kiunoni. Kijito hakikurudi kuwa kama kile cha wazee, wala hakuna aliyedai hivyo. Ila kiangazi kile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ndoo ilizama bila kata. Na asubuhi moja Jastin aliinua jiwe, akaruka nyuma, kwa sababu chini yake palikuwa na kaa mdogo aliyekunja mikono kwa hasira.

Jioni ya siku ile Scholastika alikwenda kwa Bi Chausiku na risala yake aliyoiandika upya. Alimkuta akimenya magimbi jikoni, akakaa kwenye kigoda, akamsomea. Alisoma kuhusu ngazi za mkoloni, akaeleza kwamba watu hawakukataa kutunza mto, walikataa kutumikishwa bila kusikilizwa. Alisoma kuhusu mikaratusi, na kwamba waliopanda walidanganyika lakini walifanya kazi. Alisoma kuhusu sherehe za kila mwaka. Halafu akafika kwenye sehemu mpya.

"Mara ya nne," alisoma, "Luhongo iliharibiwa na Klabu ya Mazingira, chini ya uenyekiti wa Scholastika, aliyewacheka wote waliomtangulia, kisha akafanya vibaya kuliko wote."

Bi Chausiku aliacha kumenya. Alifuta kisu kwenye kanga yake taratibu.

"Hapo sasa ndipo historia imekamilika," alisema. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kumcheka aliyekosea ni rahisi, hata mimi nacheka, tena nacheka sana. Lakini ukimaliza kucheka ushike alichokiacha yeye, ukifanye vizuri zaidi. Usipokishika, wewe ni wa kuchekwa kuliko yeye. Na ukikosea, sema mapema kwamba umekosea, kabla tawi halijanyauka mbele za watu. Mti haunywi risala wala haudanganyiki kwa mapambo. Unataka maji, na maji yanataka mtu wa kuyabeba."

"Nimekusikia, Bibi."

Scholastika alitazama nje. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima, na bondeni sauti za akina Lucy zilisikika wakiitana.

"Risala nzuri," alisema Bi Chausiku, akarudi kwenye magimbi yake. "Haya, mtani, jua linazama. Ndoo yako iko wapi?"